MB Arobaini za Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Juni 2025
App niliyokitengenezea chama cha wakulima wa mpunga imegoma tena kuingia kwenye simu ya mama Gaudensia wa Sibwesa. MB sitini! Simu yake ndogo, imejaa picha za wajukuu na video za kwaya. Kwaya hafuti, kasema. Jumamosi ni majaribio mbele ya wanachama. Ikigoma, mkataba kwisha, narudi Kakese kuvuna mpunga wa baba. Naogopa kweli.

Jumanne, 3 Juni
Kosa ni langu! App inauliza kila ikifunguka: wewe ni Android au iPhone? Kompaila, ile programu inayoifunga app iwe faili moja, haijui jibu mapema, basi inabeba maelekezo ya simu za aina zote mbili. Na mwenye iPhone chama kizima ni mmoja — Mwenyekiti, mzee Melkiadi. Wakulima mia nne wanambeba mgongoni.
Leo nimeiambia kompaila mapema: hii ni ya Android tu. Ikafuata kinachotumika, kisichotumika ikakata. MB ishirini! Nimeruka hadi jirani akachungulia.

Jumatano, 4 Juni
Mdomo umeniponza. Nilimwambia katibu, dada Theopista, kwamba sehemu ya Mwenyekiti nimeitoa kwenye simu za wakulima. Kabla ya mchana mzee kapiga: uchaguzi ni Julai, nani kanituma nimfute? Nikasema mzee, ya kwako ipo, nimeijenga peke yake. Hataki peke yake. Anataka awemo kwenye simu za watu.

Ijumaa, 6 Juni
Kikao cha kamati ya chama, Kawajense. Wajumbe tisa, soda tisa. Nikaeleza: kompaila inaanzia mlangoni mwa app, inafuata kila anayepewa kazi, asiyepewa kazi na yeyote anaondoka. Makamu mwenyekiti akaangalia soda yake.
Azimio: sehemu ya Mwenyekiti irudi. Nikasema kwenye Android haifanyi chochote, wala haionekani. Mzee akajibu, "Nyie vijana! Si lazima ifanye. Iwepo." Theopista atakagua MB kwa kila simu. Nikasaini. Najichukia.

Jumamosi, 7 Juni — Sibwesa
Naandika huku mzee anasoma risala, ukurasa wa nne. Kwenye laptop nina mafaili mawili ya app: la MB ishirini na la MB sitini. Mama Gaudensia kaja wa kwanza, kanipa simu. "Weka, mwanangu. Ila kwaya yangu usiguse."
Nimechomeka waya. Nimechagua ishirini. Imeingia! Mama anacheka, anaita wenzake, foleni imefika mlangoni. Dada Theopista naye anakuja na daftari lake la kukagua MB —