Mama, Mahindi Yetu ya Rongai Yalikuwa na Njaa

Mama mpendwa,

Leo nimepita Rongai nikitoka kuwaona wakwe zangu, nikaliona shamba letu. Si letu, najua. Ni kile kipande mzungu alichoturuhusu kulima kwa sababu Baba alimkamulia ng'ombe, udongo uliokuwa umeshachoshwa na ngano kabla hatujafika.

Unakumbuka mahindi yalipofika magotini yakaanza kugeuka manjano? Baba alisema ni jua. Alitaka tuyang'oe, tupande maharagwe kabla mvua haijaisha. Wewe ulipiga magoti, ukachimba kwa vidole kando ya shina, ukamtilia udongo mkononi.

"Baba Njeri, huu una maji," ulimwambia. "Haya hayana kiu. Yana njaa."

Kisha ukaniita nione. Jani la chini kabisa lilikuwa limekauka ncha, na umanjano ulishuka katikati ukifuata mshipa mkubwa, kingo zikiwa bado za kijani. Majani ya juu yalikuwa mazima. Ulinieleza kwamba mmea ukikosa chakula udongoni huyanyang'anya majani makuukuu ili ulishe machanga.

"Manjano ikipanda mpaka juu, tumechelewa," ulisema.

Ukatupeleka kwenye zizi la zamani, ambako mahindi yaliyojiotea yalikuwa ya kijani kilichokolea. Baba aliyatazama kwa muda, akaenda kumwomba nyapara ruhusa ya kuchukua samadi. Tuliibeba kwa vikapu, wewe ukikohoa na kukataa kupumzika. Mvua iliponyesha, majani mapya yalitoka mapana, ya kijani. Baba alikusifu mbele ya majirani: "Huyu ndiye daktari wa shamba langu." Ulificha uso kwa leso, lakini nilikuona ukicheka.

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu malori ya askari yalipokuja. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na sisi Wakikuyu tulikuwa tukiondolewa mashambani. Tuliruhusiwa blanketi na sufuria tu. Ulisimama ndani ya lori ukiyatazama mahindi.

"Nani atayala?" uliuliza.

Kile kikohozi kilikumaliza kambini Nakuru, walikotufungia. Askari ndio waliokuzika, na Baba hakuruhusiwa kuvuka waya wa miba. Mpaka leo hatujui ni wapi.

Sasa tumerudi mashambani, mimi na mume wangu pamoja na Baba, kwa mzungu mwingine. Baba amezeeka haraka. Watu husema sauti yangu imekuwa kama yako. Juzi nilimwita kutoka jikoni aje ale. Akaitikia upesi, "Naja, Mama Njeri!" Akafika mlangoni, akaniona, akasimama hapo hapo. Chakula hakukigusa.

Tangu siku hiyo simwiti tena. Namfuata alipo, namgusa bega.

Pumzika, Mama, popote walipokulaza.

Binti yako,
Njeri