Masanja, Amplifaya Yako Inalia Tena

Masanja, ndugu yangu,

Amplifaya yako imepona. Naanza na habari hiyo kwa sababu najua ungeniuliza hiyo kwanza, kabla ya afya yangu, kabla hata ya salamu. Vidole vyangu bado vinanuka risasi ya kulehemu.

Mambo yamebadilika. Ukumbi mliokuwa mnapigia muziki sasa ni ghala la mitumba. Marobota yamepangwa mpaka jukwaani, pale ulipopenda kusimama mgongo ukutani. Nyamagana maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni, na redio za kaseti kutoka Dubai zenye vitaa vinavyochezacheza. Bendi nyingi zimebaki watu watatu na kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma, besi na tarumbeta. Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, kinanda hakiumwi, hakilewi, wala hakidai soda." Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikuwa na raha.

Siku ya mazishi yako hukuiona, kwa hiyo nikusimulie. Vyombo vyako vilipotolewa uani kwako Usagara, Saidi wa besi alikwenda akaikalia amplifaya, akakunja mikono. Yeye ni Mzaramo, mtani wenu ninyi Wasukuma, na mtani msibani hana adabu. "Hapa siondoki!" akapiga kelele. "Msukuma huyu amenitoboa masikio miaka yote. Leo nimeukalia mdomo wake!" Waliokuwa wanalia wakacheka na kamasi zao. Shangazi yako akamjibu, "Kaa tu! Na wewe ukifa tutakuja kuikalia hiyo besi yako isiyosikika!" Hakuinuka mpaka ilipokombolewa kwa jogoo. Kisha akanifuata pembeni, utani umemtoka usoni. "Fundi, mzigo huu ni wako," akasema. "Mfanye aseme tena."

Nilikuja nayo Buhongwa, nikaifunika kanga. Ilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa natengeneza redio za watu huku nimeipa mgongo. Unajua mwenyewe ilivyonyamaza ile miezi uliyokuwa kitandani, ukanikataza kuifungua ukisema, "Iache, tunaumwa wote." Niliona nikiifungua na nikishindwa, nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Aliyenitoa kwenye woga ni binti yako. Kabula alikuja na gitaa lako mgongoni, akaniamkia, akaketi bila kukaribishwa, kama wewe. "Baba mdogo," akasema, "mama anataka siku ya kumkumbuka baba nipige ule wimbo wake wa mvua. Lakini hataki kwenye chombo cha kuazima. Anataka amsikie baba."

Amsikie baba. Nami nilitaka hilo hilo, Masanja. Nililitaka kuliko alivyolitaka mkeo, ila mimi sina haki ya kulisema mbele za watu.

Maana wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia katika mji huu. Nilishuka bandarini nikitoka ng'ambo ya ziwa, Uganda, nikiwakimbia askari, nina sanduku la vyuma vya kazi na kitabu kimoja. Ukumbini kwenu kulikuwa na mazoezi, na ile sauti ya gitaa ikanisimamisha barabarani: nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyemaliza kulia sasa hivi na ameanza kutabasamu. Siku watu waliponiita mgeni, ukawajibu, "Sato akivuliwa Mwanza ni sato wa Mwanza, haulizwi alizaliwa wapi." Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huu kaka zangu waliandika kwamba nyumbani kumetulia, nikaenda kuwaona. Walinichinjia. Lakini watoto wao walicheka Kiganda changu, wakasema kina Usukuma ndani. Nilirudi na meli, nikashuka bandarini nikigeuza shingo kukutafuta, nikusimulie, ucheke. Nilisimama pale mpaka wapagazi wakaniuliza kama nimepotelewa na mzigo.

Basi nikaifungua. Kwanza niliuondoa umeme uliolala kwenye kondensa, maana chombo hicho kinaweza kumpiga mtu hata kimechomolewa ukutani. Kondensa zenyewe zilikuwa zimekauka na kuvimba, nikazibadilisha. Nikasugua soketi kwa spiriti, nikalehemu upya nyaya zilizoachia. Kisha nikazitoa valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama makaa. Ndogo zilikuwa nzima. Zile mbili kubwa za mwisho, ambazo hupokezana kazi kama watu wawili wenye msumeno mmoja, hazikuwa ndugu. Moja ilikuwa ya asili na imekufa. Ya pili ilikuwa ya namna nyingine, ina masizi, na nikaikumbuka: uliing'oa kwenye vipaza sauti vibovu vya jineri ya pamba, miaka ile ambayo duka zima lilikuwa na viberiti na majani ya chai tu. Ulisema, "Itapiga mpaka ipatikane nyingine." Ikapiga mpaka ukaugua.

Nilizunguka nikitafuta valvu. Vijana wa madukani walinitazama kama mtu anayeulizia mafuta ya kibatari cha babu yake. Mwisho nikaenda kwa mzee Jivan mwenye duka la redio, ambaye wanawe walikuwa wanafagia stoo ya nyuma wapate nafasi ya televisheni. Alipanda ngazi mwenyewe huku wakimzuia, akashuka na boksi lenye vumbi. "Fundi, hizi mapacha," akasema. "Zimekaa giza miaka yote. Chukua, zione mwanga."

Mapacha kweli. Nilizipima, mkondo sawasawa. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na niliwaza jinsi utakavyonisifu.

Siku yenyewe tuliiweka sebuleni kwako. Mkeo alikuwa uani anakanda unga wa maandazi. Kabula akaanza wimbo. Masanja, sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa safi, imenyooka, kila uzi unasikika peke yake. Tukasubiri. Zamani ukigusa tu uzi wa kwanza, Mama Kabula hutokea mlangoni, hata kama mikono ina sabuni. Hakutokea. Baadaye akauliza kutoka uani, kwa upole tu, "Kabula, umeazima ya nani hiyo?"

Nilielewa palepale, na nikakaa chini. Nilikuwa nimekutengeneza mpaka ukatoka. Ule mkwaruzo haukuwa wa kiwanda kilichoiunda wala wa vidole vyako peke yake. Ulikuwa wa msumeno unaoyumba, valvu mbili zisizolingana zikivutana. Ilikuwa sauti ya uhaba wetu, nami nimeiondoa kwa ufundi.

Valvu ya jineri ilikuwa kwenye sanduku langu, sikuwa nimeitupa. Nilijua haifai. Ikizidiwa itaunguza transfoma, na transfoma hiyo haipo kwa Jivan wala kwa mtu mwingine ninayemjua. Nilimwambia Kabula hatari yake. Akaniangalia, akaangalia mlango wa uani. "Weka, baba mdogo," akasema.

Nikaiweka mahali pa pacha mmoja. Ikapata moto, ikaanza kuunguruma kama ulivyoizoea. Kabula akagusa uzi.

Ulikuwa wewe. Sitajaribu kueleza zaidi.

Mama Kabula alitokea na unga mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni, akashika fremu. Hakulia. Alitingisha kichwa taratibu kufuata wimbo, midomo ikisema maneno. Mimi nilikuwa nyuma ya chombo, naona wasichokiona: bati la ndani ya valvu linaanza kuwa jekundu, kwanza ukingoni, kisha lote. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nilijua kazi yangu, na sikuifanya. Nilitaka ubeti mmoja tu. Kisha nikataka mwingine.

Ndipo Mama Kabula alipoona mwanga ule usoni mwangu. "Zima, shemeji," akasema. "Nimemsikia. Inatosha."

Nikazima.

Nilingoja kioo kipoe. Kisha nikarudisha mapacha, na wageni walipofika Kabula akapiga wimbo wako kwa sauti ile safi. Katikati aliuacha mwendo wako, akaingia njia ambayo wewe hukuwahi kuipita. Saidi akanigonga kwa kiwiko. "Huyu naye atatutoboa masikio," akasema, na machozi yakimtoka.

Valvu ya jineri nimemwachia mkeo. Ameifunga kwa kitambaa, akaiweka kabatini na vikombe vya wageni. Sikutaka kulala nayo nyumba moja, maana najijua: ningeiwasha.

Nakuahidi hili. Amplifaya yako haitanyamaza nikiwa hai, na Kabula atajua kuifungua na kuifunga kabla mikono yangu haijaanza kutetemeka. Nakuaga sasa, Masanja. Ubeti ule mwingine nilioutaka, sitauomba tena.

Nduguyo,
Kizito