Ile mi niliyoishusha

Rutashobya, nimetoka kumzika Philbert hapa Kanazi. 

Mwanawe kasimama kando ya kaburi, akasema, "Baba alivililia vibanja vyetu kwa gitaa." Philbert. Kwa gitaa.

Wewe ulikuwepo Muleba, sabini na nne, bendi yetu na Philbert ikiwapigia watu waliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Unakumbuka tulivyofundishwa: kwenye do-re-mi unashika moja, unaruka moja. Do, mi, so. Ukizipiga pamoja gitaa linacheka. Ukishusha mi nusu sauti tu, linaomboleza.

Nani aliishusha siku ile? Mimi. Kibanja cha mama, migomba na kahawa yote, kilikuwa kimeachwa nyuma. Akina mama wakaangua kilio. Mwenyekiti wa kijiji akauliza nani kaharibu wimbo. Philbert akaninyooshea kidole: "Huyu hajui gitaa." Nikafukuzwa bendi.

Leo wananikabidhi gitaa lake. "Mzee Nathanael, tupigie kile kilio cha baba cha Muleba."

Kilio cha baba, Rutashobya.

Nikampigia do, mi, so, mi ikiwa juu palepale pake. Gitaa likacheka kaburini.

Mwanawe akamgeukia mkewe: "Masikini, mzee huyu hajui gitaa."