Anga Tupu kwenye Picha za Velichko Tasev

Mwaka umezunguka, baba, tangu ulipolala usiamke, wiki ileile tumbusi weupe wanaporudi milima ya Rodopi kutoka Afrika. Hukuwaona. Hilo linatuuma kuliko mengine.

Ulikuwa fundi wa redio, mtu mpole hadi ushike usukani. Safari ya kwenda kwa bibi huko Plovdiv haikuwahi kuisha siku moja. Ulisimamisha gari popote, ukatoka na kamera, ukatuacha na jibini ikiyeyuka mapajani. Mara moja dereva wa lori aliyekuwa nyuma alipiga honi mpaka akachoka, akashuka kuuliza kama gari limekufa.

"Gari ni zima," ulimjibu. "Shika darubini. Yule pale tai."

Aliishika. Foleni ikarefuka.

Picha zako, tuseme ukweli, zilitukera. Ndege mmoja katikati, anga tupu pande zote. Hakuna mwamba wala kiota, hata mti. Ulishindwa kila shindano, na mama alikutania kwamba unamaliza filamu kupiga picha hewa. Ulicheka tu. Kiota cha tumbusi ulimwonyesha yeye peke yake.

Siku ya arobaini yako alikuja mgeni tusiyemjua. Alikula ngano ya kuchemsha pamoja nasi, akakusifu, kisha akaomba kuona picha. Tulijua anachotafuta, maana mayai ya tumbusi yana wanunuzi. Lakini mgeni wa arobaini hafukuzwi, kwa hiyo mama alimmwagia picha zako zote mezani. Tuliogopa sana: jabali moja tu nyuma ya ndege lingetosha kumfikisha kiotani. Alipekua hadi ya mwisho.

"Mama, marehemu hakujua kupiga picha."

"Tulimwambia miaka yote," mama akajibu, akamfungia mkate wa njiani.

Alipoondoka, mama alicheka mpaka akalia. Sisi ndipo tukaelewa ulichokuwa ukifanya muda wote ule.

Wamerudi, baba, wote wawili. Mama amewaona.

Majirani wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu tulilolibandika langoni wanauliza mbona picha yako imekatwa kwa mkasi, umebaki kichwa tu. Ndiyo nzuri pekee tuliyo nayo. Unacheka, na kiota kilikuwa nyuma ya bega lako.

Hatutakusahau kamwe: wanao Rusana na Asen, dada yako Genka, na mkeo Zdravka, aliyeshika mkasi.