Neno Lako la Kiingereza na Eda Yangu

Mahajanga, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mume wangu Omari,

Nakuita mume wangu kwa sababu eda haijaisha, na mpaka iishe hakuna wa kunizuia. Nakuandikia kwa Kiswahili ulichokuja nacho kutoka Unguja ukanifundisha. Humu nyumbani wanasoma Kifaransa, na hii sitaki waisome.

Hali yangu si nzuri. Usingizi sipati. Mtu akibisha hodi moyo unanilipuka, kumbe ni muuza samaki.

Unakumbuka ulipokiona kitanda cha bibi yangu stoo, mguu mmoja umeliwa na mchwa? Ulikipapasa kama unampima mtu homa. Ukasema Mwingereza aliyekufundisha useremala Unguja alikuwa na neno lake, "restore". Nikakuuliza, si ndiyo kutengeneza? Ukasema hata kidogo, kutengeneza ni ili kitu kifanye kazi tu. "Wala si kukifanya kipya. Ni kukirudisha kilivyokuwa, kwa mbao zake mwenyewe, na makovu yake."

Basi ukalipachika neno hilo kila mahali. Wafaransa walipoanza kufunga virago na bendera yetu ikapandishwa, ukawauliza wazee barazani kama uhuru ni nchi kurudishwa ilivyokuwa. Mjomba akakwambia unywe chai yako. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Ulikisugua kile kitanda miezi na miezi. Ulikwenda hadi Belobaka kutafuta ubao unaofanana na ule wa zamani. Halafu, ukiwa safarini, mama mkubwa akaona harusi ya binti yake imekaribia na wageni watapita vyumbani kuchungulia. Akakipaka rangi ya mashua, kijani, inang'aa hiyo! Kwetu nyumba ni ya wanawake, na vilivyomo ni vya wanawake. Hakuona haja ya kumuuliza mtu. Alidhani anakupunguzia kazi, maskini.

Ukarudi, ukasimama mlangoni, ukanitamkia mimi talaka moja. Mimi, ambaye hata brashi sikuishika! Kwa ajili ya rangi, Omari! Ukabeba randa na patasi zako ukarudi kwenu kwa mama yako, kisiwani Nosy Be. Usidhani nimepoa. Bado nina hasira nawe.

Juzi mjomba alirudi kutoka huko. Anasema alikukuta Ambondrona unatengeneza viti vya hoteli, umekonda, ukamuuliza eda yangu imefika wapi. "Atakurejea tu, mwanangu," akaniambia. "Mtarudi mlivyokuwa." Alitaka kunifariji. Mimi niliingia chumbani nikalia. Naogopa usije. Tena naogopa uje na lile neno lako, utake tuwe kama siku moja kabla, kana kwamba hukutamka kitu.

Sasa nisikilize. Mama mkubwa ananiuliza hedhi zangu ili aihesabu eda, nami namdanganya. Tangu uondoke sijapata hata moja. Asubuhi natapika, nasema ni maji ya kisima. Nina mimba yako. Hakuna ajuaye ila Mungu; nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Kwa hiyo muda wako ni mrefu kuliko anavyodhani mjomba. Eda yangu itaisha siku nitakayojifungua. Lakini usiukalie muda huo, nakusihi. Mama yangu alinizaa mimi, na mdogo wangu ndiye aliyemuua katika kuzaliwa; hilo unalijua, na ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Vuka bahari hadi Ankify, huku bara, dandia lori lolote linalokuja Mahajanga.

Na ukija, usije kunirudisha nilivyokuwa. Yule hayupo tena. Njoo unikute nilivyo, tuogope wote wawili.

Ni mimi,
mkeo