Jina la Tano

Gondar,
Tarehe 12 mwezi wa Hidar, sikukuu ya Mikaeli

Mdogo wangu mpenzi Mastewal,

Nakusalimu kwa jina la Mungu anayekulinda wewe huko Addis Ababa na sisi huku milimani. Hujambo? Kile kikohozi ulichomlalamikia mama kimepoa? Na huko benki, bado mkubwa wenu anawaketisha hadi jua linazama? Sisi wazima. Goti la mama humsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia, na tangu mvua zikatike anashinda barazani akichambua dengu na kuwasema majirani. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba pilipili yako imeshasagwa, imo kwenye kopo la buluu, na kwamba nikithubutu kulifungua nitamtambua.

Utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Simu nilijaribu mara tatu, na kila ulipoitika nikaishia kukuuliza habari za mvua. Leo nimeamua kuandika. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujampigia mama.

Nianzie siku ile baada ya sikukuu ya Ubatizo, ulipokuja likizo. Ulisema tangu utotoni umepita nje ya kuta za wafalme ukienda shule, na hata leo hujui nani alijenga nini, basi nikutembeze kama mgeni aliyelipa. Nilifurahi, Mastewal. Miaka tisa nawatembeza watu katika ngome na makanisa ya mji huu, na hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kunisikia nikifanya kazi yangu. Nilivaa hata lile koti langu la kitambulisho.

Pale langoni tukamkuta Gashaw, naye siku hiyo hakuwa na kazi, akasema atatufuata. Wewe ulimwona mara ya kwanza. Mimi nilikuwa namjua kwa miaka minne, tangu alipopewa kazi ya kusafisha michoro ya kanisa la Debre Berhan Selassie. Kila Jumamosi, nikishawaaga wageni wangu, tulikunywa kahawa pamoja pale nje ya ukuta wa kanisa. Hakuwahi kuniambia neno, wala mimi sikumwambia. Lakini mwanamume akikuwekea kiti kila Jumamosi kwa miaka minne, unaanza kujihesabia mambo ambayo hayajasemwa. Hili sikukwambia siku ile. Ningekwambia, pengine nisingekuwa na barua ya kuandika.

Basi nikaanza maelezo yangu mbele ya ngome ya Fasil, na sentensi ya pili hukuniacha niimalize. Ulisema ile minara imekaa kama mayai ya kuchemsha, bila shaka mfalme alikuwa na mpishi asiyejua kupika kingine. Kwenye nyumba ya simba ukauliza ni waziri gani alitupwa humo kwa kuchelewa kikaoni. Wafalme ukawachanganya wote, baba ukamfanya mjukuu. Na Gashaw akacheka! Huyu ndiye Gashaw aliyewahi kunisahihisha mbele ya wageni kumi na watano kwa kuwa nilikosea mwaka mmoja wa jumba la malkia Mentewab. Kwangu mwaka mmoja ulikuwa dhambi, kwako karne nzima ikawa asali.

Kule kanisani ndiko roho iliponiuma hasa. Uliinua macho kwenye dari, ukazitazama zile nyuso za malaika, kisha ukanong'ona kwamba yule wa tatu kutoka mlangoni ni mama Zewditu muuza mkaa, macho yale yale ya mtu aliyeulizwa umri wake. Gashaw alitazama, akakaa chini kwenye zulia, mabega yanamtikisika, hadi padri akatukoholea. Tulipotoka akanigeukia.

"Wubit, miaka minne tunaingia humu, mbona hukuwahi kunionyesha mama Zewditu?"

Nikacheka nanyi. Ndani nilikuwa naungua. Miaka minne nimemwonyesha mtu huyu kila ufa na kila rangi, kumbe alichokuwa anakosa ni muuza mkaa. Tulipopanda mlima kwenda Kuskuam, kwenye jumba la malkia Mentewab, nyinyi mlikuwa mbele, na mimi nyuma, nimebeba mfuko wako wa machungwa. Jioni mama akakupa kikombe cha kwanza cha kahawa, akasema Wubit ni wa kila siku, Mastewal ndiye mgeni. Nilikunywa kahawa ile chungu.

Yaliyofuata unayajua, ila niyapange yalivyokuwa. Ulirudi Addis, mkawa mnapigiana simu, na wiki mbili baada ya Pasaka wazee watatu walisimama mlangoni kwetu na shuka zao nyeupe, wakakataa kukaa hadi wasikilizwe. Walikuja kukuposa kwa niaba ya Gashaw. Mama alilia kwa furaha kabla hawajamaliza kusema. Ikabaki kuhesabu damu tu, maana mpaka vizazi saba damu ni damu, na hakuna padri atakayewafungisha ndoa watu waliokutana katika babu mmoja. Shangazi yake, bibi Denkinesh, aliyefuatana nao, akahesabu upande wao kwanza. Wa sita wao alikuwa Wondirad wa Gorgora. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu marehemu baba majina yetu alinifundisha mimi peke yangu, na mama kwa upande wa baba hajui zaidi ya babu.

Nikahesabu. Alemu, Desta, Mekuria, Zeleke, na wa tano nikamtaja Wondirad wa Gorgora.

Bibi Denkinesh aliuliza mara mbili, nikarudia mara mbili. Wazee wakasimama, wakasema afadhali imejulikana mapema, na pombe ambayo mama aliipika kwa wiki nzima hawakuigusa. Wewe ulinipigia usiku ule hulii hata kulia. Mwezi uliofuata ukaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba, kama nina uhakika na hesabu ile, nami nikakujibu kwamba majina ya mababu si kitu cha kubahatisha.

Tangu siku hiyo sijaingia kanisani. Nawafikisha wageni mlangoni, nawaeleza dari wakiwa bado nje, kisha nawaambia watangulie, na mimi nabusu nguzo ya lango na kubaki uani pamoja na wale wasiojiona safi. Mama anadhani nina ugonjwa wa wanawake, ananinywesha maji ya baraka kila Ijumaa hadi tumbo linalia. Sina ugonjwa. Juzi nilikwenda kwa Aba Tekle, baba yangu wa roho, nikamweleza yote nikitegemea atanipa mfungo na sijida nyingi niende zangu. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akakataa kunipa hata siku moja ya mfungo.

"Dhambi hii ina mwenyewe," alisema. "Mpelekee mwenyewe kwanza, halafu urudi kwangu."

Basi nakuletea. Mastewal, wa tano wetu si Wondirad. Wa tano wetu ni Tessema wa Belesa, mfuga nyuki, na baada yake Birru, na baada yake Kassa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Gorgora kwa kadiri baba alivyojua. Jina lile nililiokota mdomoni mwa bibi Denkinesh dakika chache kabla, nikalipachika kwetu. Wewe na Gashaw hamna damu moja. Mlitenganishwa na wivu wangu, basi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekula.

Usidhani nilifaidi. Katika kukufungia mlango sikukumbuka kwamba baba yako ndiye baba yangu. Kama Wondirad ni babu yako, ni babu yangu pia. Wiki ile ile Gashaw alikuja nyumbani, macho mekundu, amebeba mkate mkubwa wa sikukuu, akamwinamia mama magotini, akasema kama Mungu amemnyima mke katika nyumba hii basi amempa ndugu. Akanigeukia akaniita dada. Tangu hapo kila Jumamosi ni dada, dada kaa hapa, dada kahawa imepoa. Ananitafutia hata mchumba, fundi seremala mmoja mjane, eti ni mtu mtulivu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na kamba nimeiacha juu.

Sasa sikiliza, kwa sababu siku zinakwenda. Mama ameniambia kuna mtu wa ofisini kwenu anayekutaka, na kwamba umeahidi kumjibu kabla ya Krismasi. Niliposikia hivyo nilifurahi, na nakwambia ukweli huo mchafu ili unijue. Nilijiambia ukiolewa huko, jambo hili litakufa na hakuna atakayehesabu tena. Ndiyo maana nilikimbilia kwa Aba Tekle. Niliogopa jinsi nilivyofurahi.

Kama moyo wako umeshahamia kwa huyo wa ofisini, mjibu utakavyo, sitakulaumu. Kama haujahama, jua kwamba Gashaw hajaposa pengine. Kila Jumamosi huniuliza kama umepiga simu, na nikisema ndiyo, huuliza tena ulisema nini neno kwa neno. Nimekuwa namjibu kwamba hukumtaja. Huo nao ni uongo, uhesabu pamoja na ule wa kwanza. Jumapili hii nitakwenda kwa bibi Denkinesh, nitawaomba wale wazee watatu waitwe, na nitayahesabu majina yote saba mbele yao na mbele ya mama. Sijui mama atanitazamaje. Kwa Gashaw, najua kiti changu cha Jumamosi kitakuwa hakipo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Wivu wenyewe haujaniishia; ninapoandika jina lako karibu na lake bado natamani kulifuta. Ila nimeuchoka, mdogo wangu, kama mtu anavyochoka kubeba kitu kisicho chake.

Wasalimie wenzako wa nyumba. Mama anakuombea kila asubuhi, na kwa namna yangu mbovu nakuombea na mimi. Vaa nguo nzito, baridi imeanza. Gashaw akikuoa, ataendelea kuniita dada, nami nitaitika, na safari hii litakuwa kweli.

Dada yako,
Wubit Alemu