Shule ya Mfano kwa Asubuhi Moja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla mke wangu hajanihamishia sebuleni kabisa. Mimi ni mwalimu mkuu wa sekondari ya serikali, na tuliposikia mkaguzi anakuja nikaona aibu, maana darasani wanafunzi wanakaa chini na maabara yetu ni chumba cha kuwekea mafagio, basi nikamwomba mwenzangu wa shule binafsi ya jirani atuazime madawati, darubini na hata mapazia, tukapaka rangi ule upande wa jengo unaoonekana kutoka getini, tukawafundisha watoto kusema wanafurahia sana majaribio ya kemia, na mkaguzi akazunguka akitabasamu mpaka kichwa kikanivimba.

Kesho yake vitu vikarudi kwa wenyewe, sisi tukabaki na mafagio yetu na bango la "Shule ya Mfano" alilotutunuku mkaguzi. Sasa kwa kuwa ni mfano tumeondolewa kwenye mgawo wa vifaa, na wanaomaliza kwetu hawapati tena ule ufadhili wa chuo kikuu wa watoto wa shule zenye upungufu, na binti yangu, aliyefaulu kuliko wote na kupata nafasi ya uhandisi, ni mmoja wao, na mshahara wangu hata ukiuvuta haufiki kwenye ada. Ameniuliza, "Baba, sisi tumekuwa shule tajiri tangu lini?" nikajifanya nasikiliza redio, ilhali redio ilikuwa imezimwa. Nikisema ukweli kibarua kitaota nyasi, nikinyamaza mwanangu atakaa nyumbani. Nifanyeje?

Mwalimu Mkuu wa Shule ya Mfano

Mwalimu wangu,

Kwanza hongera. Wenzako huhangaika miaka kuinua shule, wewe umeiinua kwa mapazia ya watu. Pole pia, na pole hii ni ya kweli, maana najua umeomba madawati mpaka sauti ikakukauka. Lakini aibu ile haikuwa yako. Ilikuwa ya wanaopaswa kuyaleta, nawe ukawasaidia kuipaka rangi. Umejipalia makaa, na wanaoungua ni watoto.

Unahofia kibarua. Hebu niambie, mkubwa gani atakufukuza hadharani, halafu aeleze kwa nini mkaguzi wake hakufungua hata kabati moja? Huenda ukapewa onyo. Lipokee, unalistahili.

Leo kaa na binti yako umwambie yote, na redio usiiguse. Kesho nenda ofisi ya elimu na kamati ya wazazi, mkiri, mkaombe ukaguzi mpya kabla maombi ya ufadhili hayajafungwa, na muombe kwa ajili ya wote waliomaliza naye, si wako peke yake. Bango literemsheni, mbao zake zinatosha benchi moja.

Na mkaguzi akirudi, usimwazimie hata kiti. Mwingize darasani, aandike ripoti yake akiwa amekaa sakafuni na wanafunzi wako.